Nimefiwa, nianzie wapi? Jinsi ya kupanga huduma za serikali mtandaoni kufuata yanayomkuta mtu

Baba mdogo alipofariki mimi ndo nilikabidhiwa bahasha. Bahasha ya kaki, ile kubwa, ndani kuna cheti cha kifo, kitambulisho chake, kitambulisho cha mjane, cheti cha ndoa, na kopi za kila kimoja, tena kopi zilizogongwa mhuri. Nikazunguka nayo ofisi sita na kila kaunta naulizwa upya, marehemu anaitwa nani kamili, kazaliwa lini, kafariki lini, wewe ni nani yake. Ofisi ya nne ndo iliniuma. Yule dada wa kaunta alikuwa mpole kabisa, wala sina ugomvi naye, akaniambia "kaka, sisi kwenye mfumo bado hatujapata taarifa kwamba amefariki", na wakati anasema hivo cheti cha kifo anacho mkononi, kimetolewa na serikali hiyohiyo anayoifanyia kazi. Hapo ndo nikaelewa kwamba wiki tatu zote mimi nilikuwa mesenja, natoa taarifa ya serikali chumba kimoja naipeleka chumba cha pili.

Na hizo ofisi sita zote zilikuwa na saiti, mbili zina mpaka apu. Kwa hiyo shida haikuwa kwamba huduma hazipo mtandaoni. Shida ni kwamba kila ofisi ilichukua dirisha lake ikaliweka mtandaoni lilivyo, na kazi ya kuyaunganisha madirisha ikabaki kwa mtu aliyefiwa.

Kwa hiyo wewe uliyepewa kazi ya "kuweka huduma mtandaoni", uwe fundi wa mifumo, mwandishi wa maelezo ya saiti au afisa tu ambaye jukumu limemdondokea, nakuandikia hapa namna ya kuipanga kazi hiyo kwa kufuata jambo lililomkuta mtu badala ya kufuata ofisi.

Chagua jambo moja na uliite kwa mdomo wa mwenye nalo

Usianze na orodha ya huduma. Wengi wanaanza hapo, wanakaa mezani wanaandika kila fomu waliyonayo, alafu wanazigawa kwa idara, na mwananchi akifungua ukurasa anakutana na majina ya kurugenzi ambazo hajawahi kuzisikia toka azaliwe. Anza na jambo: nimepata mtoto, nimefiwa, nimeachishwa kazi, nahama, nafungua biashara, nastaafu, mzazi wangu hajiwezi tena na mimi ndo namuuguza. Ukitaka kujua kama jina ulilochagua ni zuri jiulize hivi, je, mtu angemwambia hivo jirani yake? Hakuna mtu anayemwambia jirani "nina usajili wa kizazi". Anasema mke wangu kajifungua.

Alafu chagua moja tu la kuanzia. Najua bosi atataka yote yaonekane kwenye uzinduzi, mkatalie kwa adabu. Angalia vitu vitatu, jambo linagusa ofisi ngapi, linampata mtu akiwa na hali gani (mtu aliyefiwa au aliyejifungua juzi hana nguvu ya kuzunguka), na linatokea mara nyingi kiasi gani. Hata serikali kubwa zinaanza na machache. Singapore walipotoa apu yao Juni 2018 walianza na wazazi wenye watoto wadogo, mzazi anasajili mtoto na kuomba fedha za malezi humohumo bila kwenda ofisini, mambo mengine ya maisha yakaongezwa baadaye, na mwaka 2020 ndo ikabadilishwa jina ikawa LifeSG. New Zealand nao SmartStart yao ya Desemba 2016 ilianza na mtoto kuzaliwa, basi. Marekani, nchi kubwa vile, baada ya amri ya rais ya Desemba 2021 walichagua mambo matano tu ya kuanza nayo: kustaafu, kukumbwa na maafa, kutoka jeshini kurudi uraiani, kujifungua na kulea mtoto mchanga kwa familia za kipato cha chini, na kuyumba kifedha ghafla.

Kaa na watu waliopitia juzijuzi, na waje na karatasi zao

Hii ndo sehemu inayorukwa kuliko zote na ndo yenye faida kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tafuta watu kama 8 au 10 ambao jambo hilo limewapata miezi ya karibuni. Waliopitia miaka 5 iliyopita wameshasahau, watakupa muhtasari, na muhtasari haukusaidii. Kaa na mmoja mmoja, kikao cha kundi hakifai kwa mambo kama haya kwa sababu mtu hatasema mbele za watu kwamba alikwama kwa sababu hakuwa na cheti cha ndoa. Mwambie aje na bahasha yake, au mfuko, au picha za karatasi alizonazo kwenye simu. Alafu usimuulize "uliridhika na huduma?", muulize "siku ile ulipopata taarifa, kitu cha kwanza ulichofanya ni nini?" na uendelee hivohivo, alafu ukafanya nini, ulijuaje kwamba unatakiwa kwenda pale, nani alikwambia, ulikaa muda gani, ulirudi mara ngapi.

Karatasi zinasema yale ambayo mtu amesahau. Mama mmoja niliyekaa naye aliniletea mfuko wenye kopi 14 za cheti kilekile cha kuzaliwa cha mtoto, nikamuuliza mbona nyingi hivi, akasema "kila nikienda wanabaki nayo, nikaona bora nitoe nyingi mara moja." Hakulalamika hata kidogo, ameshazoea, na mimi nisingeona ule mfuko nisingejua. Kwenye dodoso angetiki "nimeridhika".

Ukishawasikiliza, bandika karatasi kubwa ukutani na uchore mistari mitatu kutoka siku ya jambo mpaka siku lilipoisha. Mstari wa juu ni yale anayofanya yeye, wa kati ni yale anayohitaji kujua na hali aliyonayo muda huo, wa chini ni ofisi anayokutana nayo na kila taarifa anayoulizwa. Chukua kalamu nyekundu uzungushie kila taarifa ambayo imeulizwa kwa mara ya pili. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, makazi, namba ya kitambulisho. Waite wakuu wa hizo ofisi waje waangalie huo ukuta kwa macho yao. Ripoti ya kurasa 60 hawataisoma ila huo wekundu watauona wakiwa mlangoni.

Angalia pia mizunguko. Kuna mahali ofisi A inataka karatasi ya ofisi B, na B haitoi mpaka uwe na ya A, na watu wanapita kwa sababu tu kuna afisa mwenye huruma anayefumba jicho. Ukiupeleka mzunguko kama huo mtandaoni umeua ile huruma, mfumo haufumbi jicho. Kwa hiyo tatua kwanza kwenye utaratibu ndo uje kwenye kompyuta.

Panga kwa siku na uulize kabla ya kumwaga

Mtu aliyefiwa leo hahitaji kujua habari ya mirathi leo. Anahitaji kujua atampata wapi msajili na achukue nini mkononi. Kwa hiyo panga ukurasa kwa muda, mambo ya siku hizi mbili tatu, ya wiki hii, ya mwezi huu, na yale yanayoweza kusubiri. Yenye tarehe ya mwisho kisheria yaandike tarehe yake waziwazi na useme nini kinatokea ikipita, watu wanapoteza haki zao kwa kuchelewa tu, na hawakujua kama kulikuwa na tarehe.

Alafu usimpe orodha ya huduma 40. Muulize maswali manne au matano mepesi kwanza: marehemu alikuwa anapokea pensheni? aliacha watoto wadogo? alikuwa na gari au leseni? alikuwa na biashara? Majibu yake yakupeleke kuonyesha zile 6 zinazomhusu na kuficha nyingine. Hayo maswali yasidai kujisajili wala paswedi, mtu aangalie kwanza kinachomhusu kabla hajajitambulisha, kwa sababu ukimwekea mlango wa kulogini mwanzoni nusu yao watarudi kwenye foleni wakaulize.

Na kumbuka mambo hayaji moja moja. Aliyefiwa na mume anaweza kuwa ana mimba, aliyeachishwa kazi ndo huyohuyo anayehama kwa sababu kodi imemshinda. Weka viungo vya kutoka jambo moja kwenda lingine bila kumrudisha mwanzo kujaza jina lake tena.

Sasa kazi yenyewe, ofisi ziambiane

Hapa nisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo miradi mingi inaishia. Ukipanga ukurasa vizuri kwa mambo ya maisha lakini kila kiungo kinampeleka mtu kwenye fomu ileile ya zamani ya ofisi ileile, umempunguzia kutafuta tu. Umesenja bado ni wake. Lengo ni mtu aseme mara moja na serikali ipelekeane yenyewe.

Uingereza wana huduma inaitwa Tell Us Once. Ukisajili kifo msajili anakupa namba ya kumbukumbu, unaitumia mtandaoni au kwa simu, na taarifa inaenda kwa watu wa kodi, pensheni na mafao, pasipoti, leseni za udereva na halmashauri kwa mkupuo. Pale kwangu mimi na bahasha yangu ingekuwa ni safari moja. Austria wamekwenda mbali zaidi, toka Mei 2015 mtoto akizaliwa na kusajiliwa, taarifa inakwenda kwa mamlaka ya kodi, na kama masharti yote yametimia posho ya familia inaanza kulipwa bila mzazi kujaza ombi lolote, anapata barua tu ya kumwambia. Estonia toka 2019 mtoto akisajiliwa ofisi ya hifadhi ya jamii inaangalia yenyewe familia inastahili nini, inamwandalia mzazi, kazi ya mzazi ni kuthibitisha.

Hayo hayakuja kwa apu nzuri. Estonia walianza kujenga njia yao ya ofisi kubadilishana data, X-Road, mwaka 2001, na sheria yao inakataza ofisi kuanzisha kanzidata nyingine ya kukusanya taarifa ambazo tayari zinakusanywa kwingine. Sasa wewe pengine huna X-Road wala hiyo sheria, bado unaweza kuanza. Chukua ule ukuta wako, kwa kila taarifa yenye duara jekundu andika ofisi moja ambayo ndo mwenyewe, yani ikisema jina ni hili basi ni hili kwa wote. Tarehe ya kifo mwenyewe ni msajili. Makazi mwenyewe ni nani? Hapo mtabishana siku mbili, bishaneni tu, ni ubishi wenye faida. Alafu chagua kiungo kimoja tu, tuseme msajili kwenda pensheni, mkiunganishe hicho kwanza mpaka kifanye kazi kila siku bila mtu kupiga simu kuulizia. Hata kama mwanzo ni faili linalotumwa kila usiku kwa njia salama, ni sawa, anza. Cha pili kitakuwa rahisi kwa sababu wanasheria watakuwa na makubaliano ya kuigizia.

Ujerumani inafundisha upande mwingine. Sheria yao ya 2017 ilitaka huduma za serikali ziwe mtandaoni mpaka mwisho wa 2022, wakazipanga mafungu 575, na kwa wananchi wakazigawa kwa hali za maisha 35 na kwa biashara 17. Mpangilio ulikuwa mzuri. Muda ulifika na sehemu kubwa ilikuwa haijakamilika, kwa sababu mamlaka zimegawanyika kati ya serikali kuu, majimbo na manispaa, na rejista za ofisi zilizo nyuma ya hizo huduma zilikuwa bado hazipelekeani taarifa.

Na kitu kimoja usikiruke, mwananchi aone nani kafungua taarifa zake. Estonia mtu anaingia anaona ofisi gani ilitazama data yake na lini. Ukiunganisha ofisi bila kumpa mtu jicho hilo watu watakuogopa na wana haki ya kuogopa.

Mahali pa kutofanya kiotomatiki

Fikiria mama aliyejifungua mtoto akafa siku ya pili. Mfumo wako unajua amejifungua, haujui la pili, na wiki ijayo unamtumia meseji "hongera kwa kumpata mtoto, usisahau chanjo." Hilo si kosa dogo, huyo mama hatalisahau. Kwa hiyo kabla hujaruhusu meseji yoyote kwenda yenyewe, kaa na wakunga na manesi muulizane ni lini furaha inageuka msiba, na mfumo usubiri au uulize kwanza, na iwepo njia yake tofauti, yenye maneno yake, kwa mzazi aliyepoteza mtoto. Isiwe tiki ndogo chini ya fomu ya furaha.

Kuhama vilevile. Mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga akibadilisha makazi, na mfumo wako "kwa kumsaidia" ukasasisha akaunti ya pamoja ya familia, umemwonyesha mume alipo. Kila data inayosambaa yenyewe iulizie swali hili: nani mwingine ataiona?

Maneno

Andika kama yule afisa mzuri wa kaunta anavyoongea akiwa na muda. "Utahitaji namba ya cheti cha kifo. Iko juu kulia." Basi. Usiandike "mwombaji anapaswa kuwasilisha". Ukurasa wa msiba usiwe na picha za watu wanacheka wala kumwomba mtu akupe nyota tano mwishoni. Ukishaandika, msomee kwa sauti mtu asiye wa ofisini kwenu, akikunja uso mahali, badilisha pale.

Wasio na simu kubwa na wanaofanya kwa niaba

Wengi hawajazi wenyewe. Anajaza mtoto, mpwa, mhudumu wa kituo cha intaneti. Ukijifanya hawapo watatumia paswedi ya mwenyewe, na hapo ndo wizi unaingia. Weka njia halali ya mtu kumruhusu mwingine amshughulikie jambo hilo moja kwa muda fulani, na aweze kuifuta. Simu moja inatumiwa na watu watatu nyumbani, kwa hiyo meseji isitaje jambo lenyewe, iseme tu "una ujumbe".

Kaunta usiifunge. Afisa wa kaunta atumie ukurasa uleule anaoutumia mwananchi, ili aliyeanza kwenye simu akakwama aje amalizie pale alipofika. Na ahifadhiwe alipofika hata intaneti ikikatika, mtu anayejaza fomu huku ananyonyesha hamalizi kwa mkao mmoja.

Mwenye safari ni nani, na unapimaje

Kila ofisi ina mkuu wake, ila safari ya aliyefiwa, kutoka mwanzo mpaka mwisho, haina mkuu. Mpe mtu mmoja, mwenye jina, mwenye mamlaka ya kuita ofisi zote mezani kila wiki mbili na mwenye bajeti kidogo isiyo ya ofisi yoyote kati ya hizo. Bila huyo kila mmoja atamaliza kipande chake na kupongezwa, na vipande havitakutana.

Kupima usihesabu waliotembelea saiti. Ukurasa wa msiba ukiwa na wageni wengi huenda ni watu wanarudi kwa sababu hawakuelewa. Pima siku kutoka jambo lilipotokea mpaka fedha au karatasi ya mwisho ilipomfikia mtu, safari alizokwenda kwa miguu yake, na mara alizojaza taarifa ambayo serikali inayo tayari. Chukua hizo namba tatu kwa wale watu wako 10 kabla hujajenga chochote, kwa sababu baada ya uzinduzi kila mtu atasema mambo yameboreka na hutakuwa na cha kulinganisha.

Mwisho, sheria zinabadilika na ofisi moja itabadili fomu yake bila kukwambia. Chini ya kila ukurasa weka tarehe uliyokaguliwa mara ya mwisho na cheo cha anayehusika nao. Kila miezi mitatu chukua simu ya bei ndogo, zima Wi-Fi, jifanye umefiwa leo, na upite njia nzima mwenyewe toka swali la kwanza mpaka ofisi ya mwisho ikujibu.